Kufuli Aliloweka Mkwe

Butiama,
4 Februari 2024

Mkwe wangu,

Salamu zikufikie huko Bunda, wewe na Nyangi na yule mzee wangu mdogo. Je, ameshaanza kutembea, au bado anatambaa na kula mchanga? Sisi huku ni wazima. Mimi goti la kulia linanisumbua kila nikiinuka, lakini kanisani nafika na shambani nafika, basi simlaumu Mungu.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka mitatu tangu umuoe binti yangu, maneno yetu yote yanapitiaga kwake, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini Nyangi siku hizi yuko kwenye zahanati yake siku sita za juma. Akinipigia tunaongea dakika mbili, mara mgonjwa kaletwa. Na hili la leo akilipitisha yeye litakufikia limepinda. Kukupigia simu siwezi. Simu inaleta utani, na mimi na wewe hatuna utani. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa dereva wa gari la Bunda.

Kompyuta yangu inaumwa. Unajua, au hujui, kwamba tangu nistaafu ualimu mimi ndiye ninayechapa mitihani ya kata yetu. Shule tano. Walimu wananiletea maswali kwenye flashi, nayapanga, nachora na maumbo, nachapa nakala moja safi ya kwenda kurudufiwa. Sasa kila flashi inakuja na ugonjwa wake. Folda zinageuka kuwa vimshale, ukibonyeza hakuna kitu. Juzi Hisabati ya darasa la sita imemezwa yote, nimeiandika upya siku mbili. Mwalimu Apolinary, afisa elimu kata wetu, akaniambia kwa upole wake ule unaokera: "Mwalimu, kama mashine imechoka, mjini stationery zipo."

Nikwambie wazi. Tangu baba yake Nyangi afariki, kazi hii ndiyo inayoniamsha asubuhi. Ikienda mjini nitabaki nahesabu kuku.

Wewe ni fundi. Naomba ushauri.

Mama mkwe wako,
Jenoveva

*

Bunda,
9 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliipokea kwa mikono miwili nikaisoma nimesimama, mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni heshima. Mtoto anatembea sasa, na mchanga bado anakula. Nyangi anakusalimu sana, na goti lako analipa pole, anasema umeze zile dawa alizokuachia, usizigawe kwa majirani.

Mama, nimeielewa shida. Windows iliyomo humo ni ya kunakili, nadhani iliwekwa na fundi wa kupita njia, na haina kinga hata kidogo. Kusafisha naweza, lakini flashi ya kwanza ya mwalimu itakayoingia, tunarudi palepale. Mimi nashauri tuiondoe kabisa, tuweke mfumo mwingine unaitwa Linux. Ni wa bure, ni halali, na hauna makuu hata kwa mashine ya zamani. Vile virusi vya flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, vikiingia humu vinakosa pa kushika. Haina shida.

Sura itabadilika kidogo. Badala ya Word utakuta Writer. Utaandika vilevile, utachapa vilevile, haina shida. Printa yako nimeuliza aina yake kwa Nyangi, inakubali.

Ningekuja mwenyewe, ila Nyangi ameniambia mashine iko chumbani kwako kwa sababu sebule inavuja. Mama, mimi ni Msukuma wa Magu, lakini hata kwetu chumba cha mama mkwe hakikanyagwi. Kwa hiyo naomba unitumie ile CPU tu, lile boksi. Kioo na kibodi vibaki.

Haina shida kabisa Mama.

Mwanao mkwe,
Silasi

*

Butiama,
17 Februari 2024

Mkwe wangu,

Nashukuru kwa majibu, na mtoto kutembea nimefurahi. Dawa za goti nimegawa kidogo tu, mwambie Nyangi asinisimamie.

Barua yako nimeisoma na peni nyekundu mkononi, mazoea hayo. Umeandika "haina shida" mara tatu kwenye karatasi moja. Mtu akisema hivyo mara moja namwamini, mara tatu naanza kutafuta pa kushika.

Lakini nimekubali. CPU nimeifunga kwenye blanketi la marehemu, imekaa kiti cha mbele kwa dereva na nimeilipia kiti. Blanketi lirudi. Humo ndani kuna mitihani ya miaka minane, hata mmoja usipotee, maana walimu wananijia kuuliza swali la mwaka juzi kana kwamba mimi ni maktaba.

Kingine ni kufuli. Watoto wote wa hapa wanasoma shule hizohizo tano, na wengine wanajua kompyuta kuliko mimi. Wananiletea maji, wanapita dirishani, macho yao kwenye kioo. Mtihani ukivuja hata swali moja, jina langu limekwisha. Nataka mashine iwe na neno la siri, na nisipokuwepo ijifunge yenyewe.

Mama mkwe wako,
Jenoveva

*

Bunda,
2 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mvua imewafikia. Hapa imenyesha hadi dukani, nimehamisha vitu vyote juu ya meza.

CPU inarudi na dereva yuleyule, na blanketi lake limefuliwa. Mitihani yako yote ipo, nimehesabu mia nne na kumi na mbili. Nimekuwekea sura rahisi: picha ya karatasi ni ya kuandikia, picha ya printa ni ya kuchapa, na folda ya MITIHANI iko katikati, hutaitafuta. Mwandiko niliupima ukurasa kwa ukurasa, mistari haijahama.

Kufuli nimeweka kama ulivyotaka. Ukiiwasha itakuuliza neno la siri. Ukiiacha dakika kumi inajifunga, unaliandika tena. Neno lenyewe ni jina la mwanetu, Mugeta, herufi ndogo zote. Wazo hilo lilinijia usingizini Mama, nikafurahi mpaka nikamwamsha Nyangi. Nikasema, hili hawezi kulisahau kamwe, ni jina la mjukuu wake na ni jina la baba mkwe wake. Usimwambie mtu.

Ukipata ugumu wowote niandikie.

Mwanao mkwe,
Silasi

*

Butiama,
7 Aprili 2024

Mkwe wangu,

Pasaka tumeila vizuri, tunamshukuru Mungu. Mashine ilifika salama, na blanketi. Inapendeza. Kwa sasa nimeiacha ipumzike kidogo kwa sababu ya shughuli za kanisani.

Wasalimu wote hapo nyumbani.

Mama mkwe wako,
Jenoveva

*

Bunda,
5 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Ni matumaini yangu goti limetulia. Sisi wazima, mtoto amepata mafua yakapita.

Mama, barua yako ilikuwa fupi sana, nikaisoma mara mbili nikidhani ukurasa wa pili umedondoka garini. Mashine inaendeleaje? Writer umeizoea? Mitihani ya muhula inakaribia, na kama kuna kitu kinakusumbua, hata kidogo, usione aibu. Wateja wangu wote wiki ya kwanza wanalalamikaga, wiki ya pili wanatulia. Wewe hujalalamika hata mara moja, na Nyangi anasema hiyo si kawaida yako.

Nasubiri jibu.

Mwanao mkwe,
Silasi

*

Bunda,
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Barua ya mwezi wa tano hukuijibu, nikajipa moyo kwamba umebanwa na kazi. Jana Nyangi amekutana na mwalimu mmoja wa huko kwenu, akamwambia mitihani ya muhula ya shule zote tano imechapwa mjini Musoma, kwenye stationery moja ya Kitaji. Amesema Mwalimu Jenoveva ameleta ya kwanza kwa mkono, kaandika kwa peni, na mashine yake tangu ibadilishwe haijafanya kazi hata siku moja.

Mama, nimekuharibia kazi. Nilijiona najua. Nilikuondolea kitu ulichokizoea miaka minane nikakuletea changu, na wewe kwa heshima yako ukanyamaza. Mafundi wenzangu hapa wameshapata habari, wananiita "Mzee wa Linux", wanaulizana sasa nitamuua mama mkwe wa nani mwingine. Hayo navumilia. Lakini Nyangi hanisemeshi tangu jana. Ananiwekea chakula mezani, anatoka nje na mtoto.

Niambie neno moja tu, "rudisha", nitume gari nikuwekee Windows yako kama ilivyokuwa, na virusi vyake, nitakuwa naisafisha kila mwezi bila kuchoka. Na kwa Mwalimu Apolinary niko tayari kwenda kupiga magoti, nimwambie kosa ni langu.

Nisamehe Mama.

Silasi

*

Butiama,
6 Juni 2024

Mkwe wangu,

Usiende popote kupiga magoti. Kaa chini usome.

Huna kosa. Mashine haina kosa. Hiyo Linux yako sijui kama ni nzuri au mbaya kwa sababu sijawahi kuingia ndani yake. Tangu mwezi wa tatu nimesimama mlangoni.

Ni lile neno la siri. Mkwe, katika mji huu wa mume wangu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitamki, na mimi sijawahi kuliandika, maana kwangu kuandika ni kutamka kwa mkono. Nimeolewa hapa mwaka 1979. Marehemu mzee alinipokea vizuri sana, alinijengea jiko kwa mikono yake, na siku anakufa nilikuwa namshika kichwa, na hata siku hiyo nilimwita Mzee. Nyangi alipompa mtoto jina la babu yake nilifurahi mno, ni haki yake, yeye ni damu. Lakini mimi mtoto namwita mzee wangu, na nyinyi mkadhani ni mapenzi tu. Wewe majirani zako wanakuita Baba Fulani kwa jina la mtoto. Mimi umewahi kusikia nikikuita hivyo? Hata kata anayofanyia kazi mke wako ina jina hilohilo. Ndiyo maana nasemaga "kwenye zahanati yake".

Nilifundisha miaka thelathini na minne. Wenye jina hilo walipita darasani kwangu saba. Kwenye rejista nilimwomba mwenzangu aandike, na asubuhi nikiita majina niliwaita kwa majina ya baba zao. Mmoja baba yake naye alikuwa na jina hilohilo! Huyo nilimwita Kiranja mwaka mzima, mpaka kiranja mwenyewe akaja kulia ofisini.

Sasa utauliza, kwa nini hukusema? Aibu, mkwe. Siku sita baada ya barua yako ilikuwa Siku ya Wanawake. Nilisimama mbele ya WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, mimi mwenyekiti, nikawaambia akina mama waache mila za kuogopana, karne imebadilika. Wakanipigia makofi na vigelegele. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya kile kioo. Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Mkono ulikataa. Nikamwona mzee amesimama pale anapiga matofali ya jiko langu. Nikazima umeme.

Nikatafuta wa kunisaidia. Sabina, mke wa shemeji yangu hapa jirani, kaolewa mji huuhuu, naye hawezi. Wanawake wote wa hapa jirani wameolewa ukoo huuhuu, nao hivyohivyo. Mwanaume hawezi kuingia chumbani kwangu. Mtoto wa shule hawezi kupewa neno la siri la mitihani atakayofanya mwenyewe. Ningemwomba Mwalimu Apolinary? Kwanza angejua siri ya kufuli, halafu angejua kwamba mwenyekiti wa WAWATA ameshindwa na herufi sita. Na kila baada ya dakika kumi ningemwita tena. Nyangi ningemwambia nini, kwamba jina alilompa mwanawe limenifungia kazi? Na wewe ulishaandika kwa furaha jinsi wazo lilivyokujia. Nikaona bora ninyamaze, nikaandika kwa peni, na mkono wangu siku hizi unatetemeka. Walimu hawakuweza kusoma. Wakaenda Kitaji. Siwalaumu.

Nilinyamaza nikidhani naumia peke yangu. Kumbe nimekugombanisha na mke wako. Hilo limeniuma kuliko mitihani. Barua hii mpe Nyangi aisome yote, na leo akuwekee chakula akae nawe.

Mama mkwe wako,
Jenoveva

*

Bunda,
10 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako dukani, wateja wawili wameingia na kutoka sikuwaona. Nyangi ameisoma amekaa sakafuni, amecheka kwa ajili ya Kiranja, halafu amelia, halafu akanipakulia ugali na sato na kukaa karibu yangu. Hivyo hilo limekwisha.

Mama, pole sana. Aibu ni yangu. Mimi kwenu nilifundishwa mengi siku ya posa: nisikushike mkono, nisikanyage chumba, nisikae kiti ulichokalia. La wanawake kutotaja majina hakuna aliyenifundisha, wanaume walikaa wao tu pale. Nimempigia mama yangu Magu kumuuliza kama na yeye yuko hivyo. Akaniambia, "Kwani wewe umewahi kunisikia nikimtaja babu yako?" Nikafikiri sana. Sijawahi. Miaka thelathini na moja nimeishi na jambo hilo nyumbani sikuliona.

Kulibadilisha neno ni kazi ya dakika mbili, ila lazima mtu aandike la zamani kwanza. Mimi naweza kuliandika. Kwa hiyo naomba ruhusa nije Jumamosi tarehe 22. Wewe na Mama Sabina mtoe mashine chumbani muiweke sebuleni, mbali na panapovuja. Mimi nitakaa kwenye mashine, wewe utakaa nje barazani, nyuma ya ukuta, dirisha liko wazi. Nitasoma kwa sauti kila kinachoonekana, utanijibu. Ikifika pa kuandika neno jipya nitatoka kwa mlango wa uani niende hadi zizini, wewe utaingia uliandike peke yako. Mimi nisilijue. Asilijue mtu.

Ukiona si vizuri, nitatafuta njia nyingine.

Mwanao mkwe,
Silasi

*

Butiama,
24 Juni 2024

Mkwe wangu,

Natumaini mlifika salama na mtoto hakutapika garini.

Nimecheka peke yangu tangu juzi. Sabina anasema amezaliwa, ameolewa, amezeeka, hajawahi kuona mtu na mama mkwe wake wanaongea na ukuta. Ulikuwa unasoma maneno ya kile kioo kwa sauti ya katekista, nilikaribia kuitikia "Amina". Na ulivyokaa zizini! Nilikwisha kuandika zamani, nimekaa natazama tu, ndipo Sabina akaja kuniuliza kama umesahauliwa huko kwa ng'ombe.

Neno jipya linatoka vizuri kidoleni. Usiniulize.

Jana baada ya misa nimeingia mwenyewe. Nimefungua, nimeandika kurasa mbili za Sayansi, nimechora ua na mizizi yake, nimechapa, nakala iko humu kwenye bahasha. Mkwe, inafanya kazi haraka hiyo. Ile ya zamani nilikuwa naiwasha naenda kukamua, narudi bado inajizungusha. Kilichonikera ni kimoja, maandishi ya kioo ni madogo. Nilipokuwa pale barazani ungeniambia naweza kuyakuza, nisingegundua kwa bahati.

Kesho naenda kwa Mwalimu Apolinary kumwambia nimerudi kazini.

Mama mkwe wako,
Jenoveva

*

Butiama,
1 Septemba 2024

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, mahindi tumeshavuna, machache.

Umeuliza kupitia kwa Nyangi kuhusu kazi, nami sitaki akupoze na maneno mazuri. Hawajarudi. Mwalimu Apolinary amenipokea na soda, akanisifu nusu saa, akasema walimu wameshazoea Kitaji. Majaribio ya mwezi wa saba yameenda huko, ya mwezi wa nane vilevile. Nimepewa kuchapa ratiba ya mazishi moja na kadi za harusi ya mtoto wa Sabina.

Mashine nawasha kila asubuhi saa mbili, kama zamani. Nafuta vumbi, nafungua mitihani ya nyuma, narekebisha maswali ambayo sikuyapenda. Saa nne nazima. Inauma, nisikudanganye. Nilidhani tatizo langu lilikuwa mlango tu.

Jenoveva

*

Bunda,
8 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo, na pole. Nimefikiria cha kukuandikia siku nne nzima. Nilidhani nikishatengeneza mashine nimemaliza, na watu nao ni kazi nyingine ambayo sikusomea.

Ila hapo saa mbili asubuhi usipaache. Na huku nami nimebandika karatasi dukani, kwamba fundi huyu ameweka Linux kwa mwalimu mstaafu wa Butiama na inafanya kazi. Wakinicheka nawaonyesha kurasa zako za Sayansi. Lile ua wamelikubali.

Mwanao mkwe,
Silasi

*

Butiama,
16 Novemba 2024

Mkwe wangu,

Hamjambo wote? Goti usiniulize, leo sina goti.

Alhamisi saa nne, nilikuwa nimeshazima, nasikia pikipiki. Mwalimu Apolinary, na nyuma yake walimu wakuu wawili, jasho linawatoka na hakuna jua. Mitihani ya mwaka inaanza Jumatatu, shule zote tano. Wamepeleka flashi mjini kuchapiwa, zimerudi na vimshale. Kompyuta za walimu zilizokuwa na nakala nazo zimeambukizwa hizohizo flashi, kila mahali vimshale. Mmoja wa walimu wakuu alikuwa anasema "madarasa yote, madarasa yote", basi, hana neno jingine.

Hawakuja wakitumaini mashine. Walikuja kuniomba niwape mitihani ya miaka ya nyuma waibadilishe badilishe. Nikawaambia wakae sebuleni. Nikachukua flashi ya kwanza nikaingia chumbani, nikafungua kufuli langu, nikaichomeka. Nilikuwa nimeshajiandaa kumpa mtu pole.

Mkwe, maswali yote yalikuwemo. Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, darasa kwa darasa, yamekaa kwa mpangilio wao, na katikati yao takataka mbili tatu zenye majina ya ajabu. Nikakumbuka ulivyoniambia kupitia dirishani siku ile, kwamba virusi vile havili faili, vinaiambia Windows isizionyeshe, na Linux haisikii amri hiyo. Wakati ule niliitikia tu. Nikaita, "Mwalimu Apolinary, darasa la tano swali la kumi na nne mlikusudia kilo au gramu? Maana mmekosea." Kule sebuleni yule mwalimu mkuu mwingine akapiga kelele ambayo Sabina aliisikia akaja mbio na mwiko.

Flashi zote tano. Nimechapa Alhamisi mchana kutwa na Ijumaa kutwa, asubuhi ya leo nimemalizia darasa la pili. Wameichukua dakika chache zilizopita. Wamehesabu karatasi mara mbili hapa mezani, na Apolinary amesaini kwamba mitihani ya kata itakuwa inaandaliwa hapa. Ameandika mwenyewe, sikumlazimisha. Kidogo nilimlazimisha.

Sasa sikia. Wakati anasaini akaniuliza, "Mwalimu, hivi nani alikutengenezea mashine hii? Fundi wako ni nani?" Wakuu wote wawili wakanyanyua vichwa. Nikajibu, "Ni mwanangu." Sabina aliyekuwa mlangoni alinitazama, maana unajua mwenyewe, mkwe ni mkwe na mwana ni mwana, na huku hatuchanganyagi. Nilisema bila kufikiri. Nimefikiri tangu walipoondoka mpaka sasa, na sioni cha kufuta.

Kwa hiyo usiniaibishe. Jumanne gari litakuletea kompyuta tano za shule, nimewaambia wazifunge kwenye mablanketi. Ziwekee kama yangu. Maneno ya siri usichague wewe, kila mwalimu mkuu achague la kwake. Na zikiwa tayari uzilete mwenyewe, uje na Nyangi na mtoto, upite mlango wa mbele.

Mama yako,
Jenoveva